Mwongozo kamili: Kuchagua mtaa wa kulea familia kwenye njia ya treni ya Nairobi

Kosa hili linajirudia kila mwaka. Familia inahamia Syokimau, Ruiru au Kikuyu kwa sababu ya treni, na baada ya miezi miwili baba na mama wote wamerudi kwenye matatu. Nyumba ni nzuri na stesheni ipo, ila saa za treni na saa za familia hazikutani.

Chanzo ni mpangilio. Watu huanza na nyumba, kisha shule, na ratiba ya treni wanaijua wakishalipa depositi. Hapa tunaanza na ratiba, tunapima njia ya kutoka mlangoni hadi stesheni, tunamweka mtoto kwenye hesabu, tunapima maji, na nyumba inakuja mwisho. Kazi yote inahitaji wikendi tatu au nne pamoja na asubuhi mbili za siku ya kazi. Ukibanwa na muda, hatua za 2, 3 na 5 usiziruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ratiba ya sasa ya Kenya Railways, uliyoipiga picha mwenyewe stesheni wiki hii. Ratiba zinazozunguka WhatsApp mara nyingi ni za zamani.
- Simu yenye ramani na saa ya kupimia muda.
- Daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtaa. Mitaa isizidi mitatu. Ikizidi, utachoka na kuchagua kwa sura ya jengo.
- Viatu unavyovaa kazini. Usipime umbali kwa raba halafu uje uutembee kwa viatu vya kisigino.
- Chupa mbili safi za lita moja na kipande cha sabuni ya kufulia, kwa ajili ya maji.
- Nauli ya siku mbili, ya treni na ya matatu.
- Kiwango cha juu cha kodi mlichokubaliana nyumbani, kikiwa kimeandikwa. Kisipoandikwa kitapanda mbele ya ajenti.

## Hatua ya 1: Chagua njia ya reli kabla ya mtaa

Treni zote za abiria wa kila siku huishia Kituo Kikuu cha Nairobi, pale watu wanapopaita Railways. Kutoka hapo kuna pande nne.

Upande wa Mombasa Road: Makadara, Imara Daima, Syokimau, Athi River na kuendelea hadi Lukenya. Syokimau na Athi River ziko Kaunti ya Machakos.

Embakasi Village: njia fupi, yenye mitaa ya nyumba nyingi zilizobanana.

Upande wa Thika Road: Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa na Ruiru. Ruiru iko Kaunti ya Kiambu.

Upande wa magharibi: Kibera, Dagoretti, Kikuyu na Limuru. Kikuyu na Limuru nazo ni Kiambu. Reli hii inapanda zaidi ya mita 500 kutoka Nairobi hadi Limuru, tena kwa kona nyingi, kwa hiyo usitarajie treni ikimbie.

Sasa jiulize: ofisi iko wapi ukishashuka Railways? Kama ni katikati ya jiji, utatembea. Kama ni Westlands, Parklands au Kilimani, una safari ya pili ya matatu, na huenda hiyo ndiyo inayokula muda. Anayefanya kazi viwandani aangalie kama kushuka Makadara au Imara Daima kunamfaa kuliko kufika mwisho.

Onyo. Ajenti akisema "karibu na SGR", yaani reli mpya ya kutoka Mombasa, mwulize anamaanisha stesheni ipi. Reli ya SGR haifiki katikati ya jiji; stesheni yake kuu ya Nairobi ni Nairobi Terminus, Syokimau, na treni inayounganisha abiria na mjini ni ile ya reli ya zamani. Stesheni za SGR za Ongata Rongai na Ngong hazikupi treni ya asubuhi hadi Railways. Hata Athi River ina stesheni ya SGR na stesheni ya reli ya zamani, na ni mahali pawili tofauti. Watu wamelipa kodi ya juu kwa sababu ya stesheni ambayo hawatapanda hata siku moja.

Dalili kwamba umefaulu: una njia moja, au mbili kwa shida, na unaweza kusema kwa sentensi moja utashukia wapi na utafikaje kazini.

## Hatua ya 2: Amua saa za treni yako

Treni za Nairobi hazipiti kila baada ya dakika kumi. Njia nyingi zina treni chache za kuingia mjini asubuhi na chache za kurudi jioni. Kwa hiyo swali la kujibu ni hili: ni treni *ipi* nitakayopanda kila siku, na ikinipita nafanya nini?

Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kazi. Chukua mfano huu, kisha weka namba zako:

Kazi inaanza saa mbili kamili. Ofisi iko dakika 15 kwa mguu kutoka Railways, na unajiachia dakika 15 za dharura. Treni iwe imefika saa moja na nusu. Ikiwa safari ni dakika 45, iondoke stesheni yako saa moja kasorobo. Uwe stesheni dakika 10 kabla. Unatembea dakika 15. Umetoka mlangoni saa kumi na mbili na dakika 20.

Hiyo saa ya kutoka mlangoni iandike kwa kalamu nyekundu. Ndiyo itakayoamua yaya anakuja saa ngapi, mtoto anapanda basi la shule akiwa na nani, na kama wazazi wawili wanaweza kutumia treni moja.

Fanya hivyo hivyo kwa jioni. Hapa ndipo wengi huanguka. Treni ya jioni haisubiri kikao kiishe. Kama kazi yako huchelewa mara mbili kwa wiki, hesabu nauli ya matatu kwa siku hizo tangu mwanzo. Nairobi jua hutua kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, kwa hiyo treni inayofika baada ya hapo ina maana utatembea gizani kila siku.

Uliza pia mambo matatu dirishani pa tiketi: Jumamosi ipoje, Jumapili na sikukuu ipoje, na tiketi hulipwa vipi. Mzazi anayefanya kazi Jumamosi anaweza kukuta mtaa mzima haumfai kwa jibu moja tu.

Dalili kwamba umefaulu: una treni moja ya asubuhi na moja ya jioni kwa majina ya saa zake, na familia nzima imeziona na kuzikubali.

## Hatua ya 3: Pima njia ya mlangoni hadi stesheni kwa miguu yako

Majina ya mitaa yamenyooshwa. Nyumba za ndani kabisa ya Katani Road huuzwa kwa jina la Syokimau. Kamakis, Membley na Kimbo zote huitwa Ruiru. Kinoo hutangazwa kama Kikuyu. Jina kwenye tangazo halikwambii umbali hadi stesheni.

Nenda siku ya kazi, alfajiri, kwenye saa ile uliyoandika kwa kalamu nyekundu. Anzia kwenye lango la nyumba unayoifikiria, tembea hadi jukwaa la treni na upime dakika. Panda treni, shuka, tembea hadi ofisini. Usipime kwa ramani peke yake: ramani hukupitisha kwenye uchochoro ambao mlinzi amefunga lango, au kwenye daraja la mbao lililokwenda na mvua.

Kipimo chetu ni hiki: dakika 15 kwa mguu ni vizuri, 20 ni mwisho. Kwa mtu mzima hiyo ni kama kilomita 1.2 hadi 1.6. Ikizidi hapo, siku ya mvua utapanda bodaboda, na bodaboda ya siku ya mvua huwa ya kila siku.

Gharama yake ni hii. Boda ya shilingi 50, mara mbili kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni shilingi 2,200 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Wazazi wawili ni 4,400. Kwa hiyo nyumba ya karibu na stesheni iliyo ghali kwa shilingi 3,000 ni nafuu kwenu kuliko ile ya mbali "yenye bei nzuri".

Unapotembea, andika:

- Kuna taa barabarani, au ni mwanga wa maduka tu? Saa kumi na moja na nusu asubuhi ni giza, na maduka yamefungwa.
- Wanawake wanatembea peke yao saa hiyo, au kwa makundi? Hili linakuambia zaidi kuliko neno la ajenti.
- Njia inavuka reli wapi? Kama watu hukatiza juu ya reli, watoto wako nao watakatiza.
- Kuna sehemu ya udongo mweusi isiyo na murram?

Karibu mno na reli nako kuna shida yake. Treni za mizigo hupita usiku na kupiga honi kwenye vivuko. Na nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya reli, yaani ardhi ya shirika la reli kando ya njia, ni ya kubomolewa, hata kama ina mita ya stima. Tafuta mawe ya mipaka ya shirika la reli, na nyumba iwe upande wa nje wa mawe hayo bila ubishi.

Dalili kwamba umefaulu: umefanya safari nzima mara mbili, siku mbili tofauti, na tofauti ya muda haikuzidi dakika 20. Ikizidi, rudia siku ya tatu kabla ya kuamua.

## Hatua ya 4: Siku ya mtoto

Chora siku ya mtoto kwenye karatasi pembeni ya siku yenu. Nani yuko naye tangu mnapotoka hadi basi la shule lije? Nani anampokea? Mkiwa mjini mchana na shule ikapiga simu kwamba ana homa, nani anafika ndani ya nusu saa? Mchana treni haikusaidii.

Kwa hiyo shule ya chekechea na ya Gredi 1 hadi 6 iwe upande wa nyumbani. Kuna wazazi wanaomweka mtoto shule ya mjini ili wasafiri naye. Mtoto wa miaka sita anayeamshwa saa kumi alfajiri husinzia darasani, na treni iliyojaa haina nafasi ya mkoba wake.

Ukienda shuleni usiishie ofisi ya mwalimu mkuu. Simama langoni saa ya kutoka. Hesabu watoto wanaoingia kwenye basi moja na viti vilivyomo. Uliza basi humchukua mtoto wa *kwanza* saa ngapi, kwa sababu anayehamia mtaa mpya pembezoni ndiye huwa wa kwanza. Uliza kama shule ina Gredi 7 hadi 9, maana zipo zinazoishia Gredi 6, na mtakuwa mnatafuta tena.

Hospitali: jua jina la moja iliyo wazi usiku na uipitie. Kikuyu ina PCEA Kikuyu. Limuru ina Tigoni na Nazareth. Ruiru ina hospitali yake ya serikali, na anayeishi Kahawa yuko karibu na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Fanya safari hiyo mara moja kutoka mlangoni, na uulize kama bima yenu inakubaliwa pale.

## Hatua ya 5: Maji

Hatua hii inastahili nafasi kubwa kuliko ukubwa wa jiko au rangi ya vigae.

Uliza maswali mawili tofauti: maji yanatoka *wapi*, na yanatoka *siku gani*. "Maji yapo" si jibu. Kuna ya bomba la kampuni ya maji, ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na ya lori. Majengo mengi huchanganya.

Kiasi. Familia ya watu watano wanaotumia lita 50 kila mmoja inahitaji lita 250 kwa siku. Kama bomba hutoa maji mara moja kwa wiki, mnahitaji lita 1,750 za kuwafikisha wiki ijayo. Tangi la lita 1,000 linaloshirikiwa na nyumba nne halitoshi, hata keateka (msimamizi wa jengo) akiapa. Lori la lita 10,000 lingewatosha siku 40 mkiwa peke yenu. Uliza bei yake kwa wenye maduka ya mtaani.

Ubora. Visima vya Nairobi na viunga vyake, hasa upande wa Syokimau, Athi River na Kitengela, mara nyingi vina chumvi na madini ya floraidi kupita kiasi. Chumvi utaijua mwenyewe: fungua bomba la *jikoni*, nawa kwa kipande cha sabuni. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji ni magumu. Angalia kichwa cha bafu na birika la mpangaji anayehama. Ukoko mweupe ni ushahidi.

Floraidi haionekani wala haina ladha ya kukutahadharisha. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya mtoto yanayokua, hasa kabla ya miaka minane, huota na madoa ya kahawia yasiyotoka. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na madini yanabaki. Jaza chupa zako mbili moja kwa moja kutoka bombani na uzipeleke maabara ya maji kabla ya kulipa depositi. Kama kiwango kimezidi, mtoto anywe na apikiwe maji mengine, au muweke mtambo wa chujio la osmosi, unaoondoa madini kwenye maji. Gharama hiyo iingie kwenye kodi kichwani mwako.

Maji taka. Kama mtaa hauna bomba la maji taka, uliza tangi la chini hunyonywa mara ngapi na nani hulipa. Ingia uani kwa pua yako, mchana wa jua.

Dalili kwamba umefaulu: umeona maji yakitoka kwa macho yako siku mbili tofauti za wiki, una majibu ya maabara, na wapangaji wawili wasiofahamiana wamekupa jibu moja kuhusu siku za maji.

## Hatua ya 6: Udongo, mafuriko, vumbi

Syokimau na Athi River ziko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka. Kuta za nyumba iliyojengwa kwa msingi duni hufuata. Tafuta nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha. Kikuyu na Limuru udongo ni mwekundu, lakini Limuru baridi ya Juni hadi Agosti ni kali, na mtoto mwenye pumu au kifua hupata shida. Nyumba isiyopata jua la asubuhi kule, iache.

Mvua za Aprili na Mei 2024 zilifanya kazi ya upimaji kwa niaba yenu. Waulize wenye maduka: maji yalifika wapi mwaka ule? Watakuonyesha kwa mkono ukutani. Upande wa Athi River uliza pia upepo huleta vumbi la viwanda vya saruji saa ngapi. Pitisha kidole juu ya majani ya mti ulio karibu na nyumba. Syokimau na Embakasi, simama kimya nusu saa usikie kelele za ndege za uwanja wa ndege.

## Hatua ya 7: Siku treni isipokuja

Itafika. Aprili 2024 huduma ilisitishwa kwa sababu ya mvua. Mtaa mzuri una njia ya pili inayovumilika. Syokimau ina Mombasa Road na Expressway ya kulipia inayoanzia Mlolongo hadi Westlands. Ruiru ina Thika Road. Kikuyu ina Waiyaki Way na Southern Bypass. Panda matatu mara moja saa ya msongamano, andika muda na nauli. Kama safari ya matatu inachukua saa mbili na nusu, mtaa huo unakufanya utegemee treni peke yake, na utalipa kwa ruhusa za kazini.

## Hatua ya 8: Sasa nyumba, na mkataba

Mitaa iliyobaki huenda ni mmoja. Vizuri.

Usilipe "pesa ya kuonyeshwa nyumba" kabla ya kuonyeshwa, na usimtumie mtu depositi kwa simu kabla ya kuingia ndani na kukutana na mwenye nyumba au wakala wake rasmi. Kawaida utaombwa kodi ya mwezi mmoja na depositi ya mwezi mmoja, pamoja na depositi ya maji au stima. Omba risiti kwa kila moja, na mkataba utaje depositi inarudishwa baada ya siku ngapi.

Washa kila swichi. Hakikisha mita ya stima ni yako peke yako na haina deni: nunua tokeni ya shilingi 100 ukiwa hapo hapo, uone uniti zinazoingia.

Mtu anayetaka kununua ploti apange nyumba mtaani hapo mwaka mmoja kwanza, apitie misimu yote miwili ya mvua. Mwaka 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau katika mzozo wa ardhi ya uwanja wa ndege; Oktoba 2023 zikabomolewa Mavoko, upande wa Athi River, kwenye ardhi ambayo mahakama iliipa East African Portland Cement. Wengi waliokuwemo walikuwa na karatasi mkononi. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hati miliki. Fanya upekuzi rasmi mwenyewe kwa wizara ya ardhi, mlete mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe mawe ya mipaka uwanjani, na wakili awe wako, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji. Ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi.

Kwa anayepanga, siku ya kupokea funguo piga picha za mita ya maji, mita ya stima, kila ufa na kila kigae kilichovunjika, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo kabla hujashusha godoro. Kisha Jumatatu ya kwanza toka mlangoni dakika 10 kabla ya saa ya kalamu nyekundu, maana bado hujajua lango lipi hufunguliwa mapema.